UKUTA WA NCHI NI UADILIFU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kulisha viumbe na Mwenye kuwaondolea khofu. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama.

Amma baad. Yasimuliwa katika tarikh ya kuwa liwali mmoja alimwandikia Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala tangu mwaka 717 hata mwaka 720 wa Miladi, akimtaka fedha za kujenga ukuta wa mji wake, kwani ukuta umebomoka na watu wachelea maadui. Khalifa alimjibu ya kuwa mji hutiwa ukuta kwa uadilifu, na njia zake husafishwa kwa kuondolewa dhulma. Jawabu hii ni fupi, walakini imekusanya jambo ambalo dola nyingi zimelitafuta kwa mizinga na zisilipate.

Katika zama hizi jambo hilo limekuwa shida kubwa katika nchi za Afrika ya Mashariki. Upande mmoja watu wataka katiba njema, itakayowafunga wenye amri wasidhulumu. Upande wa pili wenye amri husema ya kuwa nchi bado changa, maadui ni wengi, na usalama hauwezi kungoja katiba. Basi mambo haya mawili yamefanywa kana kwamba ni mitungi miwili katika mizani moja, ukijazwa huu wapanda ule. Muislamu aliyefunzwa dini yake ajua ya kuwa sivyo yalivyo. Na mfano wake ulio wazi waonekana mahali ambapo watu wa pwani ni wachache wapafikiriao: nchi ya Karagwe, na kata yake ya Kanoni.

AMANI, AMANA NA IMANI

Maneno haya matatu katika lugha ya Kiarabu yatoka katika shina moja, na Waswahili wameyapokea yote wakayatia katika mazungumzo yao ya kila siku. Amani ni mtu kulala bila ya khofu. Amana ni kitu alichowekewa mtu akakihifadhi mpaka mwenyewe akirudie. Imani ni moyo kusadiki. Mwenye kuyazingatia ataona ya kuwa la kwanza halipatikani bila ya la pili, wala la pili halidumu bila ya la tatu. Kwani watu hawalali kwa raha mikononi mwa mtu asiyechunga amana, na hachungi amana ila yule ambaye ndani ya moyo wake yuajua ya kuwa iko siku ya kuulizwa.

Na utawala ni amana. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na papo hapo akaamrisha wahukumuo baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, amewaamrisha waumini wasimame na haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zao au wazazi wao. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, amekataza chuki ya watu fulani isiwachukue waumini mpaka wakaacha uadilifu. Amri hii ya mwisho ndiyo iliyo nzito kuliko zote, kwani kumfanyia uadilifu rafiki ni jambo jepesi. Mtu wa kushukiwa ndiye mtihani.

Bwana Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, mji ule ulikuwa na watu wa namna nyingi: Waislamu waliotoka Makka mikono mitupu, na Ansari wa Aus na Khazraj ambao kabla ya hapo walikuwa wakipigana vita vya muda mrefu, na Mayahudi. Maadui walikuwa karibu, na khofu ilikuwa ya kweli. Katika mambo aliyoyatanguliza ni kuandikisha mkataba uliowakusanya wote hao, ukabainisha kila kundi lina haki gani na lina deni gani, na ya kuwa wote wataulinda mji kwa pamoja. Handaki la kuzuia majeshi lilichimbwa baadaye, mwaka 627. Basi ahadi ilitangulia handaki. Na lau watu wasingalikuwa na ahadi, nani angalishika jembe?

KARAGWE NA WAGENI WAKE

Kanoni ni kata katika wilaya ya Karagwe, mkoa wa Kagera, katika pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Ni nchi ya vilima, na migomba, na kahawa, na maharagwe. Wenyeji wake ni Wanyambo, na lugha yao yakaribiana sana na lugha za jirani zao wa Uganda. Upande wa magharibi upo mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Wilaya ya Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipokatwa mwaka 2012, imepakana na Rwanda na Uganda zote mbili. Mtu wa Unguja au Mombasa au Tanga aweza kudhani ya kuwa huko ni mbali, na mambo ya huko hayamkhusu.

Lakini wazee wake walikuwako. Katika karne ya 19 watu wa pwani walipanda bara kwa njia ya Tabora, wakafika Karagwe, wakafanya kituo cha biashara mahali paitwapo Kafuro, katika milki ya Omukama Rumanyika. Speke, Mwingereza, alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861, aliona ya kuwa wafanyi biashara wa pwani wamekwisha kumtangulia. Na Stanley alipofika Kafuro mwaka 1876 alimkuta Ahmed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekwisha kukaa bara miaka mingi. Watu hao walichukua nguo na shanga, wakarudi na pembe za ndovu; na wako waliorudi na watumwa, na hesabu ya hao iko kwa Mola wao.

Watu hao hawakuwa na pasi wala cheti, wala hapakuwa na jeshi nyuma yao, na manowari za Seyyid hazikufika huko. Omukama hakuwa Muislamu, wala lugha yake haikuwa yao. Kitu kilichowalaza usiku ni neno lake ya kuwa wageni hawa wako katika ulinzi wake. Maadamu neno lile lashikwa, mgeni alilala na biashara ilikwenda. Mtu wa pwani ambaye babu yake alilala Kafuro kwa neno la mtu wa Karagwe ana deni. Na deni hilo halikufutwa kwa kupita miaka.

Sharia ya Kiislamu yalijua neno la namna hii, na wanazuoni huliita aman. Siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Umm Hani binti Abi Talib aliwapa aman watu wawili waliokuwa wakitafutwa, na nduguye akataka kuwaua. Alikwenda kwa Bwana Mtume (S.A.W.), naye akalithibitisha neno lake. Siku ile ilikuwa siku ya vita, na watu wale walikuwa maadui. Juu ya hayo, neno la raia mmoja, naye ni mwanamke, lilizuia upanga wa dola. Na azingatie mwenye kuzingatia.

YALIYOPITA MPAKANI

Wala mtu asidhani ya kuwa watu wa Kagera hawaijui khofu, au ya kuwa serikali imezua maadui wasiokuwapo. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kutoka Uganda, yakashika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na mapema mwezi wa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, mifugo ikatekwa, na maelfu wakakimbia makwao. Tanzania ilikusanya askari na wanamgambo, watu wa pwani na watu wa bara, Waislamu na Wakristo, wakapigana mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa katika vita vile waliitetea nchi yao, na hapana mwenye akili asemaye ya kuwa kulinda mpaka si wajibu.

Kisha mpaka ule ule ulikuwa mlango wa wenye kudhulumiwa. Tangu machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 wakimbizi walivuka mto, na baadhi yao wakapewa mahali pa kukaa huko Nkwenda, ambako leo ni wilaya ya Kyerwa. Mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Mwaka 1994, yalipotokea mauaji ya kimbari, watu robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja tu, na kambi zikajaa Ngara na Karagwe. Miti ilikatwa, mashamba yakakanyagwa, na silaha zikaingia pamoja na watu. Mwezi wa Disemba 1996 serikali iliwaamrisha warudi kwao. Basi kwa miaka mingi nyumba za Karagwe zimechanganyika, watu wameoana, watoto wamezaliwa, na mwenyeji na mgeni wamelima bega kwa bega hata hapajulikani mpaka wa shamba la huyu na la yule ila kwa migomba.

Tarehe 25 Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa katika ziara ya mkoa wa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na ruhusa muda wa wiki mbili. Sababu zilizotajwa hazikuwa za uongo: majambazi waliteka mabasi katika njia za mkoa ule, bunduki zilikuwa mikononi mwa watu, na makundi ya ng'ombe yaliingizwa katika mashamba na misitu. Mwezi wa Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kukimbia kabla ya kufukuzwa. Rwanda iliwaweka wengi wao katika kambi ya Kiyanzi, wilaya ya Kirehe. Miongoni mwao walikuwamo waliokaa Tanzania miaka makumi, na waliozaliwa humo, na wanaume waliotengwa na wake zao na watoto wao.

Hapo ndipo lilipo swali lenyewe. Katika nchi ambayo lugha ya pande zote mbili za mpaka yafanana, na sura zafanana, na majina yafanana, nani atasema huyu ni raia na huyu si raia? Wakulima wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa, seuze cha babu yao. Katika hali hiyo, hukumu yashuka mpaka kwa neno la jirani na kiongozi wa kijiji. Na jirani aweza kuwa mkweli. Aweza pia kuwa mtu mwenye kulitamani shamba, au mwenye deni asilotaka kulilipa, au mwenye ugomvi wa ng'ombe. Mwenyezi Mungu amewaonya waumini katika Suratul Hujurat, aya ya 6, wakijiwa na fasiki mwenye khabari waichungue kwanza, wasije wakawapatiliza watu kwa kutojua kisha wakajuta. Majuto hayo hayamrudishi mtu nyumbani kwake.

Wala jambo hili halikuwa la maskini pekee. Mwezi wa Februari 2001 serikali ilitangaza ya kuwa Jenerali Ulimwengu, mwenye magazeti, aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia wa Tanzania. Ikiwa mtu wa cheo hicho aweza kulala raia akaamka mgeni, mkulima wa Kanoni ashike nini?

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ina dawa ya maradhi haya. Ibara ya 13 yampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla ya haki zake kuamuliwa. Ibara ya 30 yakubali ya kuwa haki za mtu zaweza kupunguzwa kwa sheria kwa ajili ya ulinzi na usalama wa watu. Na ibara ya 32 yampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, kwa sharti Bunge liitwe ndani ya siku 14 na tangazo lake likubaliwe na theluthi mbili ya wabunge. Yaani waandishi wa katiba hawakusahau maadui. Waliweka mlango wa kupitia siku ya hatari, na bawabu wa mlango huo ni Bunge. Mwaka 2013 hali ya hatari haikutangazwa. Mlango ulikuwapo, bali watu walitolewa kwa dirishani.

Na uadilifu hutaka yatajwe mema pamoja na mabaya. Serikali ile ile, mwezi wa Oktoba 2014, iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi tangu mwaka 1972 na watoto wao. Na katika mwaka ule ule wa 2013, ilipofanywa Operesheni Tokomeza ya kuwasaka wawindaji haramu, na malalamiko ya mauaji na mateso yakazidi, kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilichunguza ikasema wazi, na tarehe 20 Disemba mawaziri wanne wakaondoka katika kazi zao, mmoja wao akiwa mbunge wa Bukoba Mjini. Katiba ile, pamoja na upungufu wake, ilipotumiwa ilifanya kazi, na nchi haikuanguka kwa sababu waziri ameulizwa.

HUENDA MTU AKASEMA

Huenda mtu akasema: haya ni maneno ya msikiti, na jambazi hatishwi na ibara. Kama kumi wakidhulumiwa ili maelfu walale, si kheri?

Jawabu yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya dini: damu na mali na heshima ya mtu ni haramu, na haramu haigeuki kuwa halali kwa kuwa mwenye kudhulumiwa ni mmoja. Ya pili ni ya akili na ya majaribio. Mtu akaaye mpakani ndiye askari wa kwanza wa nchi. Yeye humwona mgeni mwenye bunduki kabla polisi hawajamwona. Yeye hujua boti gani imevuka usiku na ng'ombe gani si wa kijiji. Akiwa na imani na serikali yake, atakwenda kituoni kusema. Akiwa achelea ya kuwa akifika kituoni ataulizwa babu yake alizaliwa wapi, atanyamaza. Na kunyamaza kwake ndiko jambazi akutakako. Basi mwenye kuwatisha raia wa mpakani ameyang'oa macho ya nchi kwa mkono wake.

Watu wa Kenya wameyaona haya. Hapana Muislamu mwenye dini aliyeridhia mauaji ya Westgate ya Septemba 2013, walipouawa watu 67. Mwezi wa Aprili 2014 maelfu ya watu walikusanywa katika mtaa wa Eastleigh, na wengi wakatiwa katika uwanja wa Kasarani wakapekuliwa vyeti. Hata mwaka haujatimia sawasawa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kuwakusanya wengi si kumpata mkosa. Na Mahakama Kuu ya Kenya, ilipofika Februari 2015, ilivifuta vifungu vinane vya sheria mpya ya usalama, kwa nguvu ya katiba ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya 238 imeuweka usalama wa taifa chini ya sheria. Serikali ya Kenya haikuporomoka kwa hukumu ile.

Na watu wa Unguja nao wana khabari yao. Masheikh wa Uamsho, akiwamo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa rumande miaka na miaka kesi isiishe, mpaka Juni 2021 mashtaka yakaondolewa nao wakarudi majumbani mwao. Mtu aweza kuyapenda maneno yao au kuyachukia. Lakini kama walikuwa na kosa, kwa nini halikuthibitishwa? Na kama hawakuwa na kosa, nani atawarudishia miaka yao? Waislamu wengi wa pwani waliwalilia masheikh hao, na walilia kwa haki. Bali ni wachache waliotambua ya kuwa mlango walioingizwa masheikh ni ule ule walimotolewa watu wa Karagwe: mtu kutendewa kama mkosa kabla hajahukumiwa.

KATIBA NI AHADI

Katiba ni ahadi iliyoandikwa baina ya wenye nchi na wenye amri. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961, na mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga, ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumpeleka mahakamani. Sababu ilikuwa hiyo hiyo, usalama. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipoleta ripoti yake, ilizitaja sheria 40 zinazofaa kufutwa au kurekebishwa, na hiyo ikiwa mojawapo. Mengine ya tume yakafuatwa, na vyama vingi vikarudi mwaka huo. Walakini nyingi katika sheria hizo zikabaki. Kitu kilichowekwa kwa siku ya dharura aghlabu hukaa mpaka watu wakasahau dharura yenyewe.

Ikaja Tume ya Jaji Joseph Warioba, ikawasikiliza wananchi mkoa kwa mkoa, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Disemba 2013, mwaka ule ule wa Kimbunga na Tokomeza. Bunge Maalumu likakutana Februari 2014, kisha likaongozwa na Samuel Sitta. Mwezi wa Aprili kundi la upinzani likatoka. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi wa Oktoba. Kura ya maoni iliwekwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa daftari la wapiga kura halijakamilika, na haikupigwa.

Katika siku hizo Waislamu wengi waliuliza jambo moja tu: je, Mahakama ya Kadhi imo? Jambo hilo ni haki kuulizwa, na mswada wake ulipoondolewa mwaka 2015 watu walihuzunika. Bali ni wangapi waliouliza: je, mtu aliyekamatwa kwa jina la usalama atafikishwa mahakamani kwa siku ngapi? Je, anayesemwa si raia atasikilizwa na nani kabla ya kuvushwa mto? Kadhi huamua mirathi ya mtu aliyekufa kitandani pake; hana la kuamua kwa mtu ambaye nyumba yake imekwisha kubomolewa na yeye hayuko. Mwenye kuipima katiba kwa haki yake peke yake hakuipima katiba, amejipima nafsi yake.

Wala si kweli ya kuwa kubadili katiba huleta fitina siku zote. Zanzibar ni shahidi. Mwezi wa Januari 2001 damu ilimwagika Pemba na Unguja katika maandamano baada ya uchaguzi, na watu zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, wakawa wakimbizi. Na Watanzania walikuwa wamezoea kuwapokea wakimbizi wa wenziwao. Askari walikuwapo miaka yote ile, na amani haikupatikana. Mwezi wa Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakakutana wakapatana. Tarehe 31 Julai 2010 watu wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja, katiba ya Zanzibar ikabadilishwa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao watu hawakuuzoea. Neno moja lililoandikwa kwa kuridhiana lilifanya kazi ambayo bunduki haikuiweza kwa miaka tisa. Na uchaguzi wa mwaka 2015 ulipofutwa, khofu ikarudi. Kwani ahadi ni kama ukuta wa udongo, wataka kukandikwa kila mwaka.

Na ambaye hakuyaona ya zamani ameyaona ya karibuni. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, ghasia zilitokea Dar es Salaam na miji mingine. Watu wakauawa, intaneti ikafungwa, na amri ya kutotoka usiku ikawekwa. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Walioharibu mali walifanya kosa, na kila roho iliyotoka ina mwenyewe wa kuiuliza. Lakini mwenye kutafakari ajiulize: lau ahadi ya katiba iliyoanzwa mwaka 2011 ingalikamilishwa kwa kuridhiana, yangalifika hapo?

YAMPASAYO MUISLAMU WA PWANI

Kwanza, yampasa ajifunze katiba ya nchi yake kama ajifunzavyo masharti ya kuuza na kununua, kwani hapana mkataba anaouingia uliokuwa mkubwa kuliko huo. Na asiyesoma mkataba hulalamika siku ya kudaiwa.

Pili, ajizuie na dhana. Siku ambayo watu wa mtaa wasema fulani si wa hapa, asiwe wa kwanza kuitikia. Yeye mwenyewe, akihesabu nasaba yake, ataona babu wa Hadhramaut, na bibi wa Ngazija, na mjomba wa Manyema. Kipimo atakachompimia mtu wa Kanoni ndicho atakachopimiwa.

Tatu, aiunge mkono serikali katika kumzuia jambazi na gaidi, asiwafiche, wala asimkopeshe kijana wake kwa mtu amwitaye kwenye damu kwa jina la jihadi. Bwana Mtume (S.A.W.) ameamrisha ndugu asaidiwe akiwa amedhulumiwa au akiwa ndiye dhalimu, na msaada wa dhalimu ni kuzuiwa dhulma yake. Basi serikali ikikosea, mwenye kuizuia kwa neno la haki, kwa hoja na kwa kura na mahakamani, ndiye aliyeisaidia; na mwenye kuisifu katika kosa lake ameikhini.

Nne, asingoje dhulma ifike mlangoni mwake ndipo ajue ya kuwa ni dhulma. Mto Kagera ni mbali na Bahari ya Hindi, lakini sheria inayomtoa mtu kitandani huko ndiyo inayotawala huku.

Mwenyezi Mungu awaongoze wenye amri wachunge amana waliyopewa, awape watu wa Karagwe na Kyerwa na mipaka yote usingizi usio na khofu, awarudishe kwa jamaa zao waliotengwa nao kwa dhulma, na aipe nchi hii ahadi iliyo njema na watu wa kuitimiza. Amin.

Wabillahi tawfiq.